Mwaka Nilipoiziba Ndege Pumzi

Niliziba matangi ya ndege kwa nailoni ya mkate. Nalisema hili mapema, kabla hujaanza kunipenda, kwa sababu watu hunipenda haraka halafu wakisikia hili wanataka kurudishiwa mapenzi yao. Nilikuwa Kidato cha Pili, miaka kumi na sita, sauti yangu ikipanda na kushuka bila kuniomba ruhusa, na niliamini hakuna kitu duniani kisichoweza kutengenezwa kwa nailoni. Kwetu, mtaa wa Fedha, mwaka huo maji yalikuja Jumanne na Ijumaa, tena yakipenda. Mtu yeyote aliyewahi kupandisha mtungi wa lita ishirini hadi ghorofa ya nne anajua kwamba kifuniko cha mtungi huvuja, hata kiwe kipya namna gani. Dawa ni moja. Unakata kipande cha nailoni, unakilaza juu ya mdomo wa mtungi, unakaza kifuniko juu yake, na maji hayakushuki mgongoni mpaka kwenye soksi. Ploti nzima, yaani wapangaji wote wa jengo letu, tulifanya hivyo, na mimi nilikuwa bingwa. Akina mama wa ghorofa ya pili walinituma niwafungie mitungi yao, wakinisifu kwamba nina mikono. Sifa hizo ndizo zilizoniharibu.

Ninaandika kwa sababu ya Jumapili iliyopita. Kapteni Oduor, rubani aliyekuwa ndani ya ndege hiyo, alikuja kwetu kutuaga. Ameacha kazi na anarudi kwao kulima. Mama alipika pilau ya kuku, chapati na ndengu, jirani yetu Mama Halima akaleta kachumbari yake yenye pilipili ya kulipiza kisasi, na sisi wanne tukabanana kwenye meza ya watu wawili. Mkono wa kushoto wa Kapteni haunyooki tena. Akitaka chapati iliyo upande ule huinua bega zima, kama mtu anayesukuma mlango mzito. Sisi tunamsogezea sahani. Tuliposhiba akaniambia, "Kijana, hebu tupe ile hadithi yako." Nikasimama nikawapa. Nina toleo la kuchekesha, nimelifanyia mazoezi miaka miwili, lina sauti ya injini inayokohoa na sauti ya mchunguzi akivuta chai moto. Mama Halima alicheka mpaka akajifuta macho kwa mtandio. Kapteni aliomba nirudie sehemu ya ng'ombe. Mama yangu aliinuka akaenda jikoni kuleta ndengu, na ndengu zilikuwa pale mezani. Alikaa huko muda mrefu. Kwa hivyo sasa, badala ya kusomea mtihani wa Kidato cha Nne kama watoto wa watu, ninaandika lile toleo lingine.

Sitakueleza habari za ukoo wetu, hazina msaada hapa. Jua tu kwamba Mama ni fundi wa ndege. Ploti nzima iliwahi kuamini kwamba anauza tikiti za ndege. Yeye hakuwasahihisha, alikuwa akitoka alfajiri na mkoba na kurudi jioni akinuka mafuta, basi. Na jua kwamba mwaka huo nilisimamishwa shule wiki mbili. Naibu wa mwalimu mkuu alikuwa na mazoea ya kuweka "hivyo basi" kila baada ya maneno matatu, na sauti yake nilikuwa nimeihifadhi kooni tangu Kidato cha Kwanza. Siku moja karani alienda chai akaacha mlango wa ofisi wazi, na kipaza sauti kikawa kinanitazama. "Hivyo basi," nikasema, na shule nzima ikanyamaza, "wanafunzi wote wa Kidato cha Kwanza, hivyo basi, waende nyumbani, hivyo basi, wakawasalimie wazazi." Darasa zima lilikuwa limevuka geti kabla bawabu hajaelewa. Wawili walipatikana mtaa wa Donholm wakinunua viazi karai. Mama aliitwa shuleni siku hiyo hiyo, akaja na ovaroli yake ya buluu, akasikiliza mashtaka yote bila kupepesa. Nje ya geti nilimwona akiuma mdomo wa ndani. Mama yangu hucheka hivyo, kwa ndani, na kazi yangu kubwa tangu utotoni ilikuwa kumfanya ashindwe kuuficha mcheko. Lakini aliposema, alisema, "Kama huwezi kukaa shuleni, utakaa mahali ninakuona."

Ndivyo nilivyofika kwenye kiwanja cha ndege ndogo, Jumanne asubuhi, na ndoo, kitambaa na ngazi. Kazi yangu ilikuwa kuosha mabawa. Nilikuwa nimezoea Mama wa nyumbani, anayetafuta miwani akiwa ameivaa; yule wa karakana sikuwa nimewahi kukutana naye. Huyo aliweka spana kwenye mistari kama vijiko vya harusini, na wanaume wenye ndevu walimwita "Fundi" wakamngoja amalize sentensi. Kila asubuhi alichota mafuta kidogo ya kila ndege kwenye gilasi, akayainua kwenye mwanga, akayatazama kana kwamba yanamdanganya. "Natafuta maji," alinieleza. "Maji yakiingia kwenye mafuta, injini inazima angani. Huko hakuna kando ya barabara ya kuegesha. Umenisikia?" Nikasema nimesikia. Jumatano akanirudia. Alhamisi akanirudia tena, kwa sababu ananijua. Kwa hivyo usifikiri nilifanya nilichofanya kwa kukosa kusikia. Nilikuwa nimesikia vizuri mno.

Alhamisi hiyo mchana mawingu yalikuwa yamekaa juu ya hanga, lile banda la ndege, kama godoro lililoloa. Nilikuwa juu ya ngazi naosha ndege moja nzee ya injini moja, ile iliyokuwa ikibeba wapima ardhi, na Mama alikuwa chini ya tumbo lake na fundi mwenzake wakimalizia kazi yao kwenye vali yake ya mafuta, kile kifaa ambacho rubani hugeuza kuchagua mafuta yatoke bawa la kulia au la kushoto. Nikafika kwenye kifuniko cha tangi, juu ya bawa. Katikati yake kulikuwa na tundu. Dogo, la kupita sindano. Nikaenda bawa la pili, tundu. Nikasema moyoni, hawa watu wasomi wote wameshindwa kuona vifuniko vimetoboka, na mvua ndiyo hiyo? Nilikuwa na mkate wangu wa chakula cha mchana. Nikala slesi mbili za mwisho nikisimama, nikachana nailoni upande usio na maandishi, nikaikunja mara mbili, nikaivuta ndani ya kila kifuniko ikakaa kama soksi kwenye kiatu, nikafunga, nikakaza. Kazi safi. Nikashuka nikamkimbilia Mama kumwambia nimeiokoa kampuni nzima. Alikuwa amelala chali chini ya ndege, tochi mdomoni. "Mama, leo utanipandisha cheo..." Akaitoa tochi. "Kimani, tafadhali, funga mdomo dakika tano tu." Nikaufunga. Mvua ikanyesha, nikaenda kuitazama mlangoni, na dakika tano zilipokwisha nilikuwa nafikiria mambo mengine.

Lile tundu ni pua ya tangi. Injini inapokunywa mafuta, lazima hewa iingie mahali yalipokuwa. Ukiiziba pua hiyo, mafuta yanavutwa kidogo, halafu yanagoma. Mtoto wa chekechea angeelewa akielezwa. Mimi sikuwa nimeelezwa, wala sikuuliza, maana anayeuliza haonekani bingwa.

Ijumaa asubuhi, katika manyunyu, Kapteni Oduor alifungua vifuniko akapima mafuta kwa kijiti chake, akavirudisha haraka. Nailoni ilikuwa imeng'ang'ania ndani ya kifuniko, angavu kama hewa, hakuiona. Aliponipita alisema, "Niaje, Naibu," kwa sababu Mama alikuwa amemsimulia, na mimi nikampa "hivyo basi" moja, akapanda ndege akicheka, na mpima ardhi nyuma yake. Kilichofuata nilikisikia vipande vipande baadaye. Juu ya nyanda za Kajiado injini ikaanza kukohoa. Kapteni akageuza vali kwenda tangi la pili, injini ikapona kidogo, halafu ikakohoa tena, kwa sababu mimi ni fundi mwenye bidii na nilikuwa nimeziba yote mawili. Kisha kimya. Kapteni husema kimya hicho ndicho kilichomtisha, kwamba alisikia mpima ardhi akimeza mate. Alikuwa na ardhi tupu mbele na ng'ombe katikati yake, akateremka kando ya ng'ombe, gurudumu likaingia kwenye shimo, ndege ikazunguka, na mkono wake ukavunjika mahali pawili. Mpima ardhi alichubuka magoti. Wachunguzi waliofika kesho yake walifungua matangi wakakuta mafuta tele, safi, hayana maji. Injini ikajaribiwa pale pale shambani ikawaka mara moja, kana kwamba haijawahi kumkosea mtu. Na wakati wa kufungua vifuniko, vipande vyangu vya nailoni vilidondoka bila kuonwa. Kimoja ndani ya tangi. Kingine sijui, labda ng'ombe alikula.

Injini nzima, mafuta mazima, matangi mazima. Kilichobaki ni mtu. Na mtu wa mwisho kushika mfumo wa mafuta, kwa sahihi yake, alikuwa Mama. Tangu Ijumaa ile ile kabla ya saa sita, hata ndege haijakaguliwa, kampuni ilikuwa imemtaka arudishe kadi yake ya kazi akae nyumbani mpaka uchunguzi uishe, na kama ungeonyesha kwamba ile vali ndiyo iliyokosea, leseni yake ingekwenda. Alinieleza haya tukiwa tunatembea kuelekea getini, kwa sauti ya mtu anayesoma maelekezo kwenye pakiti ya dawa. Nikasema, "Basi sisi wawili tumefukuzwa. Tutafute mtu wa kututia sahihi." Akauma mdomo wa ndani. Nilijisikia mtu wa maana sana.

Nyumba yetu ina sebule, vyumba viwili vya kulala, na roshani yenye vyuma ambayo ukisimama pale ndege kubwa zinapita juu yako zikiwa zimeshusha magurudumu. Mama alikuwa na mchezo wake: yuko jikoni, mgongo umegeuka, anakwambia ni ndege ya aina gani kwa mlio tu. Ijumaa hiyo alifunga mlango wa roshani na pazia. Joto likatukalia. Akaosha sufuria zote, hata ile ya Krismasi, akazifuta, akazipanga, akazitoa akaziosha tena. Jioni tulikula ugali na sukuma na kila ndege ilipopita vijiko vilitetemeka kidogo kwenye sahani na yeye hakuinua uso. Jumapili hakwenda kanisani. Alisema ana kichwa. Nilijua ni macho ya watu, kwa sababu kuta za ploti yetu ni nyembamba, na tulisikia pamoja, mimi nikiwa na kijiko hewani, mazungumzo ya koridoni. "Nasikia ile ndege iliyoanguka ni yeye aliiharibu." "Si alikuwa anauza tikiti?" "Tikiti gani! Ni fundi. Mwanamke na injini, wapi na wapi." Halafu sauti ya Mama Halima, aliyekulia Majengo kule Pumwani na hajawahi kuogopa korido lolote: "Wewe, mtungi wako wa gesi hufungiwa na nani? Si huyo huyo mwanamke? Umelipuka? Basi nyamaza." Kisha akabisha kwetu. "Mama Kimani, fungua. Najua mko ndani, mtaoza humo." Akaingia na mahamri na mbaazi, akakaa, hakuuliza chochote. Alimtazama Mama akila mpaka sahani ikawa nyeupe, akaondoka nayo.

Nilikuwa bado sijui. Hilo nalitia mkazo, kwa sababu siku hizo tano za mwanzo nilikuwa mtu mwema. Nilipika chai. Nilimwigiza jirani, nikamwigiza mhubiri wa mtaa, nikamwigiza ng'ombe akiona ndege inashuka. Nilimsikia Mama chumbani akiongea na Kapteni kwa simu, Kapteni akiwa kitandani hospitali: "Niambie ukweli tu, Kapteni. Ulipogeuza vali ilikwama? ... Haikukwama. ... Nusu? Uliisikia ikienda nusu? ... Hapana, usijisingizie kwamba ni wewe hukuigeuza vizuri, eti uniokoe." Kisha, "Pole. Sina neno lingine, Kapteni. Pole." Nilisimama koridoni na trei ya chai nikahuzunika kama mtazamaji. Huzuni ya mtazamaji ni tamu; unahuzunika na bado unaweza kula biskuti.

Siku ya sita, Jumatano, alinyanyuka kutoka kitandani saa nne asubuhi na nywele zimesimama, akaketi mezani na chupa ya mafuta ya kupikia. "Njoo uone," akaniita, na sauti ilikuwa ile ya karakana. Akatoboa kifuniko kwa msumari, matundu mawili. Akainamisha chupa juu ya sufuria, mafuta yakatoka kwa tundu moja, mkondo mwembamba, mzuri. "Sasa tazama." Akaweka kidole juu ya tundu la pili. Mkondo ukapungua, ukawa matone, ukakoma. Chupa ikabonyea kidogo ubavuni. "Umeona? Tangi likikosa pumzi, mafuta yapo na hayatoki. Injini inakohoa, unabadili tangi, inapona, inakohoa tena. Ndivyo Kapteni alivyoeleza, neno kwa neno." Macho yake yaling'aa. Nikauliza, sauti ikapanda juu kama ya kuku, "Na tangi la ndege... linapumulia wapi?" "Kwenye kifuniko. Kuna tundu dogo." Akaondoa kidole. Mafuta yakaanza tena kushuka. "Lakini wamevipima vifuniko vyote viwili, viko wazi. Hewa inapita." Akatazama chupa kwa muda, kisha akaifunga kwa kipande cha gazeti. "Kwa hivyo si pumzi. Ni vali. Ni mimi." Akalitupa jibu sahihi mbele ya macho yangu, kwa sababu alikuwa fundi mwaminifu na ushahidi ulisema hapana, na ushahidi wenyewe ulikuwa umesimama hapo ukiwa umevaa pajama.

Ungesema wewe? Kila mtu huniambia angesema. Mimi nilifungua mdomo na kilichotoka ni, "Mama, hayo mafuta tukaangie mayai au tuyapeleke mahakamani?" Hakuuma mdomo wa ndani. Alisema, "Kaanga," akarudi kitandani.

Siku tano zilizofuata sikumbuki nikiwa nimekaa. Nilizunguka. Kutoka sebuleni hadi mlangoni hatua tisa, kutoka mlangoni hadi vyuma vya roshani kumi na mbili. Chini wenzangu walikuwa wakipiga mpira wakiniita, "Kim, shuka, manze!" nami nikajibu nimefungiwa, na lilikuwa neno la kweli ingawa ufunguo ulining'inia msumarini. Nilitaka kukimbia nikaona hakuna mahali ambapo singekuwa mimi. Usiku nililala nikipanga sentensi. Asubuhi niliingia nayo jikoni, nikamkuta Mama akipepeta mchele ambao haukuwa na mawe, na sentensi ikageuka ikawa utani. Kila mara. Nilikuwa nimejizoeza miaka mingi hivi kwamba mdomo wangu haukujua njia nyingine ya kutoka. Ijumaa maji yalipokuja nilishuka kuteka, nikafunga mitungi bila nailoni, nikapanda ghorofa nne nimeloa mpaka chupi. Mama akauliza, "Leo vipi?" Nikasema, "Naoga njiani kuokoa muda." Jumamosi nilimsikia akimwambia Mama Halima mlangoni, polepole, "Nimeanza kuikumbuka. Nafikiri sikuikaza ile skrubu ya vali. Naiona kabisa mkononi mwangu, nikiiacha." Hakuwa ameiacha. Nilikuwapo, nilimwona akiikaza na kuipangusa. Alikuwa anajitungia kosa ili dunia yake ilingane, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpa muda wa kulimalizia.

Jumatatu, siku ya kumi na moja, saa nane mchana, Bwana Mutiso akaja. Yeye ndiye aliyekuwa akichunguza. Mtu mwembamba, mpole, na faili la plastiki na kalamu mbili mfukoni. Alivua viatu mlangoni bila kuombwa. Niliwatilia chai. Akaivuta kwa kelele, akatoa karatasi, akaisoma: fundi anakiri kwamba huenda, katika kurekebisha vali ya mafuta, hakuikaza ipasavyo. "Mama Kimani, sikulazimishi," alisema. "Sijapata sababu nyingine. Lakini kama huna uhakika, usitie sahihi." Mama akasema, "Sina sababu nyingine pia. Nipe kalamu." Akapewa. Akaiweka kwenye karatasi, nikaona ncha ikigusa, doa dogo la wino likianza.

"Ni mimi," nikasema.

Mama hakuinua kichwa. "Kimani, si leo."

"Ni mimi, Mama. Niliziba vifuniko."

"Bwana Mutiso, msamehe, huyu amezoea..."

"Niliziba kwa nailoni ya mkate!" Nililia kwa sauti ile ya kuku, na ndivyo nilivyo mjinga, hata mimi mwenyewe nilisikia inavyochekesha. Bwana Mutiso alitabasamu kwa adabu. Nikaona kwamba nimetumia maisha yangu yote kuhakikisha siku hii hakuna atakayeniamini. Basi nikaacha kulia. Nikaenda jikoni nikachukua mtungi, kifuniko na nailoni, nikaja nikapiga magoti mbele yao, nikakunja mara mbili, nikavuta, nikakaza, bila neno, kwa mikono yangu ya bingwa. Nikafungua. Nailoni ikakaa ndani ya kifuniko, angavu kama hewa. Nikamwonyesha Mama. "Uliniambia unatafuta maji," nikasema. "Niliona tundu." Sikusema habari ya zile dakika tano za kufunga mdomo. Mpaka leo sijamwambia, na akisoma hapa ndipo atakapojua.

Mama alikichukua kifuniko, akakigeuza, akaingiza ncha ya kidole, akakwangua ukingo wa nailoni. Ikanyanyuka kidogo, ikashika. Akakwangua zaidi, ikadondoka kwenye zulia. Wote watatu tuliitazama pale ilipoangukia. Bwana Mutiso akatoa simu, akamwambia mtu amwage mafuta yote ya yale matangi kupitia chujio, sasa hivi. Kisha tukangoja. Saa moja na nusu, labda. Chai ikafanya utando. Ndege tano zilipita na nilijikuta nikizihesabu, nikitamani mojawapo inibebe. Simu ilipolia aliisikiliza, akasema "Ndiyo" mara tatu, akaikata. "Kipande kimoja," alisema. "Tangi la kulia." Akachana ile karatasi katikati, akachukua nyingine safi. Nilidhani yameisha. Lakini akamgeukia Mama na kuuliza, kwa upole ule ule, "Alhamisi jioni ulitia sahihi kwamba umekagua vifuniko. Ulivifungua?"

Angeweza kusema ndiyo. Hakuna mtu duniani ambaye angejua. "Nilivigusa," Mama alisema. "Nikaona vimekazwa. Sikuvifungua." Bwana Mutiso akaandika hivyo. Leseni haikwenda, ilishikwa miezi sita, na miezi hiyo Mama alishona mapazia ya watu pale pale sebuleni na kuwafundisha vijana wa karakana kwa simu. Lakini siku hiyo hatukuwa tunajua hayo.

Bwana Mutiso alipovaa viatu na kushuka, Mama alibaki amekaa, mikono juu ya meza, viganja juu. Nikaokota vikombe. Nikavishusha. Ule mdomo wangu ulikuwa tayari unajiandaa, nilikuwa na kitu kuhusu mkate, kizuri sana, nilikihisi kikija. Mama aliona. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu niseme, na hivi ndivyo alivyosema, sijaongeza wala kupunguza:

"Jina litakaloandikwa kwenye ile ripoti ni langu, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu aliyetia sahihi ni mimi. Wewe kesho unarudi shule, na ukitoka shule unapitia hospitali, unamwambia Kapteni mwenyewe, peke yako. Na usinichekeshe, Kimani. Nikiwa tayari nitakwambia."